Mume wa Kuazima

Simu ya mkunga ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ya dawa, ndipo akafika kwa Fundi, aliyetengeneza simu katika kibanda mbele ya lango la kliniki ya wajawazito. Mkunga alivaa gauni jeupe na kandambili za plastiki, na alikuwa na haraka zake. Fundi, bingwa wa maneno, siku hiyo yote yalimkauka. Haikupita wiki wakawa wanaitana mpenzi, na simu ile iliyopona haikupumzika tena.

Kliniki, mkunga aliweka sheria yake: mjamzito aliyekuja na mumewe ahudumiwe kwanza, ili wanaume nao wakae wasikie dalili za hatari. Sheria nzuri, ila waume wengine wako safarini, na wengine wameyeyuka. Wanawake si wajinga. Wakaanza kumwazima Fundi.

Alianza na muuza vitambaa jirani yake, aliyevimba miguu, kwa kumwonea huruma. Mara akaja msusi. Siku hiyo mkunga aliinua macho akamkuta mpenzi wake kwenye benchi la waume, na mkunga mwenzake akamnong'oneza kuwa juzi alikuja na mwingine. Aliwahudumia, akageuka.

Fundi alipiga simu mchana kutwa, haikupokelewa. Alikaa, akasimama, akafungua simu ya mteja akasahau skrubu ameziweka wapi. Akisema kweli, wanawake watarudishwa mwisho wa foleni. Akinyamaza, mapenzi ndiyo basi. Akawa hawezi kumeza wala kutema.

Kulipokucha akaja mwalimu wa chekechea, mimba imekomaa, amejishika kichwa. "Kaka, nikuazime leo tu."

Fundi aliguna. Moyo ulikataa, miguu ikaenda.

"Na huyu ni wa ngapi?" mkunga akauliza mbele ya watu wote.

Fundi aliinamisha kichwa. Alimpenda mwanamke yule mpaka kifua kilimuuma, lakini alinyamaza.

"Dada, usimwonee," mwalimu akasema. "Si mume wangu. Sote tunamwazima. Wangu yuko mbali, kichwa kinaniuma tangu jana na macho yanaona ukungu. Ningekaa nyuma kule, ningekufikia saa ngapi?"

Mkunga alimfunga kipimo cha presha mkononi, akakitazama, akamshika kiuno na kumwingiza ndani mbio.

Fundi alizunguka korido ile hadi wajawazito wakamwambia atulie, anawatia kizunguzungu. Hatimaye mkunga akatoka. Presha imeanza kushuka, alisema, na mtoto anacheza tumboni. Kisha akalibandua ukutani tangazo la sheria yake, akaketi kando ya Fundi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungewarudisha nyuma."

Machozi yakamlenga mkunga. "Ningewarudisha," akasema. "Hata huyu." Akajifuta kwa kiganja. "Kuanzia leo huazimwi."

"Hata na wewe?"

"Mimi siazimi, mpenzi. Njoo nyumbani umwambie mama kwamba nimekuchukua moja kwa moja."