Kitambaa cha Meza Moja na Nguo Kumi na Mbili

Huku kwetu Kashojwa, asubuhi utaisikia cherehani ya Pélagie kabla hujatoka kuchota maji. Pélagie ni fundi wa nguo. Tulitoka naye Kivu ya Kusini, na sasa tunaishi katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mlango kwa mlango. Mimi ni Chantal, lakini watu wananiita Mama Mariette, kwa jina la binti yangu. Nasema mapema: nina hasira za karibu. Pélagie anazijua.

Mariette anaimba katika kwaya ya wasichana. Wako kumi na wawili. Na sisi Wakongo, kwaya yetu haisimami mbele ya watu bila sare. Wote wavae kitenge kimoja, mshono mmoja. Asiye na sare anabaki kwenye benchi, hata awe na sauti tamu namna gani.

Basi, kanisa moja la Ruti, kule Mbarara, likawaalika waimbe Jumapili moja. Mama Mackline, mke wa mwanajeshi wa kambi ya jeshi ya Makenke, anasali hapo. Ni yeye aliyetuma jora la kitenge, mita sitini. Mungu ambariki mama yule. Aliomba jambo moja tu: katika jora hilo kitoke pia kitambaa cha meza ya altare, mita tano.

Pélagie akapiga hesabu. Kitambaa cha meza, mita tano. Nguo ya kila msichana, mita tatu. Wasichana kumi na wawili. Akachukua simu yake ndogo ya batani, akabonyeza: 5 + 3 × 12. Simu ikamwambia 96. Kitenge ni mita sitini tu! Akapunguza wasichana mmoja mmoja mpaka akafika saba. Hapo simu ikasema 56. Wasichana watano, wale walioingia kwaya mwisho, wakaambiwa wabaki nyumbani. Mariette alikuwa mmoja wao.

Mtoto alirudi, akaingia ndani, akalala kifudifudi na viatu miguuni. Hakula. Moyo uliniuma, kisha ukawaka. Nikamfuata Pélagie, nikamwambia anionyeshe hesabu yake. Nikaiandika vilevile kwenye simu yangu, hii ya kugusa kioo. Yangu ikasema 41.

Tukatazamana. Yeye akasema simu yangu imeharibika. Mimi nikasema yake ndiyo mbovu, imezeeka kama mwenyewe. Majirani wakaanza kusogea. Siku nyingine tungegombana mpaka jioni, lakini Pélagie alinishika mkono, akasema twende kwa Madame Godeberthe.

Madame Godeberthe alikuwa mwalimu wa hesabu kule Fizi. Hapa anafundisha watu wazima kusoma na kuhesabu. Mwanamke huyo nampenda sana, sifichi. Haulizi swali ili akuaibishe. Anauliza ili uone.

Hakutazama simu zetu. Alimtazama Pélagie.

"Hii tano ni ya nini?"

"Ya meza ya altare, Madame."

"Meza ziko ngapi?"

"Iko moja tu."

"Na simu yako imekata bitambaa bya meza ngapi?"

Madame akachukua chaki, akatueleza polepole. Simu ile ndogo inafuata vidole tu: kinachobonyezwa kwanza, inakihesabu kwanza. Ilijumlisha tano na tatu kwanza, ikapata nane. Kisha ikampa kila msichana mita nane: tatu za nguo na tano za meza. Kumbe tulikuwa tunashona vitambaa kumi na viwili vya altare! Tulicheka, na Pélagie ndiye aliyecheka zaidi.

Kisha Madame akaandika 3 × 12 kwa urefu wake: 3 + 3 + 3, hivyo hivyo mpaka mara kumi na mbili. Akasema kuzidisha ni kujumlisha kulikofupishwa. Ni fungu la vitu vinavyofanana. Lazima ujue kwanza fungu zima lina ngapi, ndipo uliongeze kwenye kitu kingine. Kwa hiyo watu wa hesabu wamekubaliana: kuzidisha na kugawanya kwanza, kujumlisha na kutoa baadaye. Simu yangu inafuata makubaliano hayo. Ya Pélagie haiyafuati.

"Batu mingi banakariri hii sheria kama wimbo," alisema. "Miye nataka mujiulize kwanza: kila namba ni ya nani?"

Pélagie akahesabu bila simu. Tatu mara kumi na mbili, thelathini na sita. Ongeza tano, arobaini na moja. Zinabaki mita kumi na tisa.

Hapo akili ya fundi ikaamka. Akauliza kama kila msichana anaweza kupata na kilemba cha mita moja. Madame akampa chaki. Pélagie akaandika 5 + 3 + 1 × 12, akasita, akatikisa kichwa. Aliona mwenyewe: hapo vilemba ni kumi na viwili, lakini nguo ni moja. Madame akamfundisha kutumia mabano. Vitu vinavyokwenda pamoja kwa kila mtu, vifunge pamoja, na uvihesabu kwanza: 5 + (3 + 1) × 12. Nne mara kumi na mbili, arobaini na nane. Ongeza tano, hamsini na tatu. Kitenge kinatosha na kingine kinabaki.

Nilikwenda nyumbani mbio, nikamwambia Mariette aamke akapimwe nguo. Sikumaliza kusema, alikuwa ameshatoka.

Jumapili ile, Ruti, walisimama wote kumi na wawili, na vilemba kichwani. Mama Mackline alikuwa mstari wa mbele, anatabasamu tu. Mariette alipofungua mdomo, niliitambua sauti yake kati ya zote, nikalia bila haya. Pélagie alikuwa pembeni yangu. Akaniinamia sikioni.

"Mama Mariette," akasema, "kidogo tu ningeinyamazisha hii sauti."

Nikamshika mkono, tukaendelea kusikiliza.