Mkono Mdomoni mwa Bibi Mwanaima

Kila alasiri, pale kwao Junda, huko Kisauni, ukipita mlangoni kwa kina Ikhlas utasikia kelele. Si kelele za ugomvi, la. Ni Bibi Mwanaima na mjukuu wake mdogo, Mahir, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema. Bibi huketi mkekani na ungo wake achambua mchele, na Mahir humletea vitu. Mara unyoya wa kuku, mara kifuniko cha chupa, mara kandambili moja ambayo hata haijulikani ya nani. Bibi hachoki. Hukipokea kile kitu, akakigeuzageuza, akakitaja jina polepole, na mkono wake ukamalizia yale ambayo mdomo umeyaacha. Humgusa mtoto machoni akasema "mato," maana wazee wa Mvita ndivyo wasemavyo, mato, wala si macho kama ilivyo vitabuni, na leo kwao ni yeo. Mahir naye humgusa bibi yake, akasema "mato," wakacheka wote wawili mpaka ungo ukataka kumwagika.

Ikhlas mwenyewe, mjukuu mkubwa wa bibi, alilelewa na maneno hayo hayo. Lakini sasa alikuwa gredi ya sita, na siku moja darasani, akisoma kwa sauti, ulimi ulimponyoka akasema "mtele" badala ya mchele. Darasa zima likacheka. Phoebe, ambaye si mtoto mbaya ila mdomo wake haujui kupumzika, alimwita Bibi Mtele wiki nzima. Kicheko kile kiliisha. Aibu ilibaki.

Basi ikawa, muhula ule, akaja shuleni msichana mmoja wa chuo kikuu, jina lake Jalila. Alikuwa mtafiti. Kazi yake ilikuwa kuangalia watoto wa Kisauni wanavyojifunza lugha nyumbani, kwa mdomo, kwa mikono, kwa simu na katuni zake, na kwa yule jirani anayesema lugha nyingine ng'ambo ya ukuta. Alichagua watoto wachache, Ikhlas akiwemo, akawapa tableti ndogo waende nazo nyumbani wakapige video. Akawaambia wasipambe kitu. Nyumba ilivyo, ndivyo ionyeshwe. Yale atakayoyaona, alisema, yatawasaidia walimu kujua jinsi ya kufundisha wadogo wanaoanza shule.

Ikhlas alisikia yote, lakini kichwani mwake aliona kitu kimoja tu, darasa likitazama video yake na Phoebe akiwa mstari wa mbele.

Alipofika nyumbani aliegemeza tableti kwenye mtungi, akamwita Mahir, akatandaza vitabu vyake vya shule. Kisha akamgeukia bibi yake.

"Bibi, leo usiseme kitu. Maneno yako yataniharibia kazi yangu. Wewe kaa tu, mimi nimfundishe Mahir Kiswahili cha shule na Kiingereza."

Bibi alimtazama kidogo. "Haya, mwanangu," akasema. Basi.

Video ikapigwa. Mahir hakukitaka kitabu. Alikwenda kwa bibi na kijiko, akamnyooshea. Bibi akafungua mdomo, akakumbuka, akauziba kwa mkono. Mahir akaanza kumbandua vidole, kimoja baada ya kimoja, atafute jina la kijiko limefichwa wapi. Bibi akatikisa kichwa, akamwashiria aende kwa Ikhlas. Ikhlas alikuwa ameshughulika kusoma kwa sauti nzuri, hakuyaona yote hayo.

Sasa, Ikhlas alidhani mambo yataisha hapo, tableti ikizimwa bibi aendelee kama kawaida. Hayakuisha. Kesho yake Mahir alileta unyoya, bibi akatabasamu, asiseme kitu. Siku iliyofuata vilevile. Mama yao, aliporudi kutoka dukani kwake Bombolulu, aliuliza mbona nyumba imepoa hivi, bibi akajibu ni uzee tu. Mahir alipoona haambiwi neno, alianza kulilia simu ya mama yake. Wakampa. Akawa anakaa pembeni na katuni zake, zinasema upesi upesi kwa lugha asiyoijua, naye hazijibu. Ikhlas alikuwa akimpita mdogo wake pale pembeni. Alitaka kumwambia bibi asamehe na aseme tena. Kila akimkaribia, alichukua kitabu chake akapita.

Ikafika siku ya kutazama video darasani. Jalila aliiweka ya Ikhlas, kisha, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akazima sauti. Akasema leo hawasikilizi maneno, wanasoma mikono na nyuso, kwani watu husema kwa hivyo pia. Watoto wakacheka walipomwona Mahir na kijiko. Halafu kicheko kikapungua. Bila ile sauti nzuri ya Ikhlas, hakukuwa na kingine cha kutazama ila yule bibi na mkono wake mdomoni, na mtoto akimbandua vidole.

Phoebe ndiye aliyesema, na safari hii hakuwa anatania. "Huyo bibi anataka kusema. Ni kama amekatazwa."

Jalila akamuuliza Ikhlas kwa upole, kulikuwa na nini. Hapo ndipo angeweza kusema kweli, ikaisha. Badala yake alijisikia akijibu, "Anaumwa na jino."

Lo, na uongo ukishatoka hauna breki. Jalila alisikitika, akauliza ni jino la upande gani, na Ikhlas akasema la kulia, kwa sababu ilibidi aseme upande. Akapewa pole na darasa zima. Kila pole ilimchoma.

Jumamosi asubuhi, hodi mlangoni. Jalila, na karafuu zake kwenye karatasi.

Alimwamkia bibi shikamoo, akaketi mkekani, akasema amesikia habari ya jino la kulia, akaona alete karafuu, ndiyo dawa ya nyumbani kwao. Bibi Mwanaima alimtazama mgeni. Kisha akamtazama mjukuu wake. Ikhlas aliangalia ukindu wa mkeka, hakuinua uso.

Bibi akaupeleka mkono kwenye shavu la kulia. "Naam, mwanangu," akasema. "Laniuma, lakini si sana. Mungu akuzidishie." Akachukua karafuu, akaitia mdomoni, akaanza kuitafuna na kuisifu.

Na upande ule wa kulia, wanangu, hakuwa na jino hata moja. Yalishang'oka yote zamani, na Ikhlas alijua vizuri sana. Alimwona bibi yake akiihangaisha ile karafuu kwenye ufizi mtupu, akikunja uso kwa ukali wake, ili tu yeye asiaibike mbele ya mgeni. Hilo alishindwa kulivumilia.

"Haumwi," akasema, na machozi yakamwagika. "Bibi haumwi na kitu. Mimi nilimwambia anyamaze. Niliona haya na maneno yake. Nikadanganya shuleni, na sasa yeye anadanganya kwa ajili yangu."

Pembeni, simu aliyopewa Mahir iliendelea kupiga kelele. Jalila hakumkemea. Alimuuliza bibi, kwa nini aliendelea kunyamaza hata baada ya video.

Bibi alitoa ile karafuu mdomoni kwanza. "Mimi sikusoma," akasema. "Huyu asoma. Akiniambia maneno yangu yaharibu, nitajuaje kuwa sivyo? Nikaona yasije yakamharibu na huyu mdogo."

Jalila akamwambia hapana, bibi, ni kinyume chake. Mtoto haharibiwi na lugha mbili wala tatu. Akisikia mato kwako na macho shuleni, atajua yote mawili na kila moja mahali pake. Kinachomnyima mtoto lugha ni kukosa mtu wa kusema naye. Simu haimgusi macho, wala haimngoji ajibu. Kisha akamgeukia Ikhlas, na hapo sauti yake ikawa nzito kidogo. Kama angeichukua video ile ilivyo, akasema, angewaambia walimu kwamba watoto hawajifunzi chochote kwa bibi zao. Nao wangeamini.

Ikhlas alimwendea bibi yake, akamwomba msamaha. Bibi akamkumbatia. "Nimekusamehe," akasema. "Lakini siku nyingine ukinisingizia jino, nisingizie nililo nalo."

Jumatatu Ikhlas alisimama mbele ya darasa akaeleza yote, hata habari ya karafuu. Wengine walicheka. Phoebe hakucheka. Aliinamisha kichwa, na wakati wa mapumziko alimfuata akamwomba radhi kwa lile jina alilokuwa akimwita.

Kule nyumbani haikuwa rahisi kama kuwasha taa. Mahir alikuwa amezoea simu, akiililia. Ikhlas ndiye aliyekuwa akiketi kila alasiri kati yao, akimletea bibi hiki na kile, akimuuliza kwenu mwaitaje, mpaka mtoto akaona wivu, akasogea, naye akaleta chake. Video mpya ikapigwa, nyumba ikiwa na kelele zake zote.

Jalila alipokuja kuichukua, aliisifu. Alipoondoka, Ikhlas alimuuliza bibi yake kama na yeye amefurahi.

"Nimefurahi," bibi akasema. "Ile ya kwanza pia ungesifiwa, mwanangu. Lakini anayesifiwa kwa uongo si wewe, ni mtu mwingine uliyemtunga. Wewe mwenyewe ungebaki hapa nasi, hakuna anayekujua. Yeo wamekuona wewe."