Mtandio wa Balqees

Kompyuta ya Yaqdhan, mkaguzi wa mali za wajumbe wa baraza, iliibwa ofisini, na mkuu wa kituo cha polisi hakuchelewa kumpata mwizi wake: Akinyi, Mkenya anayesafisha ofisi hizo. Mlango haukuvunjwa, na ufunguo anao yeye.

"Kesho mahakamani, halafu arejeshwe kwao," mkuu akasema. "Funga jalada, Hind."

"Silifungi." Inspekta Hind alikuwa keshakasirika. Mwizi gani huyo, aache simu mpya mezani abebe kompyuta kuukuu? Akamgeukia Yaqdhan. "Ulikuwa ukimkagua nani?"

"Mheshimiwa Humam. Ana mswada wa kulazimisha kila nyumba ibadilishe tangi la maji. Na matangi yenyewe anayaleta mtu mmoja tu, Bi Balqees."

"Jamaa yake?"

"Kwa damu, hapana. Kwa ndoa, hapana. Nimetafuta mpaka basi."

Hind akamchukua Sajini Samir, wakaenda moja kwa moja nyumbani kwa Humam, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos hapo Muscat, bila ya kupiga simu.

"Balqees?" Humam akacheka. "Nnamsikia jina tu, mwanangu."

Pale pale mwanamke akatoka jikoni na sinia la kahawa, kichwa wazi. "Humam, hii halwa..." Kumwona Samir, mwanamume mgeni kwake, akashtuka, akavuta mtandio upesi.

"Bi Balqees?" Hind akabahatisha.

"Ndiye mimi."

Loo! Hind akasimama. "Kwa sajini wangu umejifunika. Mbona kwa huyu hukujifunika?"

Hind akawatazama wote wawili.

"Si ndugu wa damu, si mume, na bado ni maharimu wako, haramu kukuoa, ndiyo hujifuniki kwake. Mmenyonya ziwa moja nyinyi, ni ndugu!"

"Na iwe," Humam akafoka. "Mkaguzi aliuliza damu na ndoa. Ziwa hakuliuliza."

"Kompyuta iko wapi?"

Balqees akaanza kulia. "Mwambie, kaka. Ishatufika."

Humam akaketi. "Nimeichukua mimi. Bawabu wa ofisi alinifungulia kwa ufunguo wake, nani atamkatalia mheshimiwa? Nusu ya biashara ya matangi ni yangu. Yaqdhan kashaanza kuuliza kwa majirani zetu wa zamani, angelijua tu."

"Na Akinyi?"

"Ndiye nani huyo?"

Hind akamtia pingu mwenyewe, tena kwa hasira.

Kituoni, mkuu alifungua mlango wa mahabusu bila ya kumtazama mtu usoni. "Haya, nenda zako."

Akinyi hakusogea. "Siendi, afande. Uliniita mwizi mbele ya watu wote wa ofisi. Twende huko huko useme mimi si mwizi."

"Hind, mtoe huyu!"

Hind akavua kofia, akaketi kando ya Akinyi. "Simtoi. Tunakungoja wewe."