Juisi ya Tumpe

Asubuhi ya baridi pale Iyunga, Mbeya, malori yakiwa yamejipanga kando ya barabara kuu na makondakta wakigombea abiria, Tumpe alikuwa ameinamia blenda yake aliposikia mtu akisema, “Kamwene.”

Akainua uso. Mwanamume mrefu, shati la drafti limejaa vumbi la mbao, kofia ya sufu ameishika mkononi.

“Kamwene ni salamu ya Iringa, kaka. Huku tunasema ugonile.”

“Basi utanifundisha, dada. Kwanza nipe soda.”

Soda hakuwa nayo. Alikuwa na bitiruti, karoti, matango na tangawizi, na ubao wenye maandishi mekundu: JUISI YA TUMPE, DAWA YA PRESHA. Mwanamume aliusoma ule ubao mara mbili, akaomba glasi, akainywa huku amekunja uso. Tumpe alicheka mpaka akashika meza.

Aliitwa Sosthenes Kalinga, dereva wa lori la mbao kutoka Mafinga. Tangu siku ile hakupita Iyunga bila kusimama. Wiki ya tatu ndipo alipomweleza Tumpe kwamba ana presha, na kwamba daktari amempa vidonge vya kumeza kila siku. Tumpe akamkataza chumvi ya mezani, akawa anamfungia matunda ya safari, na mchana akampigia kuuliza amekula nini.

“Majani, mpenzi,” Sosthenes angejibu. “Siku hizi nikipita, mbuzi wananisalimia.”

Baada ya miezi minne tumbo lilikuwa limepungua, usingizi umerudi, na presha imeshuka. Siku alipomletea karatasi ya vipimo, Tumpe alijaa fahari.

“Unaona? Glasi hii inashinda vidonge vyako vyote.”

Neno hilo alilisema kwa mapenzi na kwa biashara, vyote pamoja. Sosthenes alimshika mkono.

Miezi miwili baadaye Tumpe alipigiwa kwa namba ya Sosthenes, lakini sauti ilikuwa ya mwanamke. Alikuwa Evarista, dada yake mkubwa wa Iringa mjini. Alisema mdogo wake amepata kiharusi, mkono wa kushoto hauinuki, na kwamba vidonge alishaviacha.

“Wewe ndiye uliyemwambia juisi inatosha,” Evarista alisema bila kupaza sauti. “Usimpigie tena.”

Tumpe alitii. Alijiambia anamheshimu dada wa watu, lakini moyoni alijua anaogopa kusikia maneno yale yale kwa Sosthenes mwenyewe. Wiki ya tatu ya ukimya ule, mama mmoja, mteja wake wa siku nyingi, alikaa kwenye benchi na kumshukuru. Kichwa kilikuwa kikimgonga, alisema, lakini hana wasiwasi. Vidonge vya presha ameshaviacha, anakunywa dawa ya pale kwenye ubao.

Tumpe alizima blenda. Alimshika mama yule mkono wakaenda zahanati, akakaa naye mpaka alipopimwa na kupewa tena dawa zake. Aliporudi alinunua kopo la rangi nyeupe, akafuta maneno DAWA YA PRESHA. Kesho yake alivaa kitenge chake cha bluu na sweta, akapanda basi la Iringa, na huko akaulizia mpaka akafika kwa Evarista.

Evarista alimfungulia mlango, akasimama akiziba njia.

“Shikamoo, dada. Ni mimi, Tumpe. Sikuja kujitetea. Lile neno la juisi nililisema.”

Evarista akampisha.

Sosthenes alikuwa ameketi uani akiota jua, mkono wa kushoto umelala mapajani. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo upande mmoja, na alipomwona Tumpe aliufunika kwa kiganja.

“Nilijua umenikimbia,” alisema.

“Nilikimbia. Niliogopa utanilaumu. Ni neno langu lililokuponza, Sosthenes.”

Alitikisa kichwa taratibu. “Neno lako nililipenda kwa sababu nilikuwa nalitafuta. Nilichoka kumeza vidonge kwa kujificha kila nikija kwako. Nilitaka unione mzima.”

“Mimi nilikupenda na presha yako.”

Sosthenes akasema huenda asiendeshe lori tena. Wataalamu wanamfanyisha mazoezi, lakini hakuna aliyemwahidi kwamba mkono utarudi.

“Ukinitaka, ni mimi huyu. Sina mwingine wa kukuletea.”

Tumpe aliutoa mdomoni mkono ule uliouficha uso, akaushika kwa mikono yake miwili. “Ni huyu huyu ninayemtaka,” alisema.

Evarista alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji na vidonge vya mchana, amesikia yote. Alimpa mdogo wake, akangoja mpaka amemeza. Ndipo akamgeukia Tumpe kumuuliza kwao ni wapi.

“Tukuyu, dada.”

“Ni mbali,” Evarista alisema. “Mshenga itabidi aondoke alfajiri.”