Gundi ya Nyuma

Jioni hiyo mjane wa mteja wangu wa zamani aliniita nikalithamini tangazo moja la marehemu. Ndiyo kazi yangu: matangazo ya kale yaliyobandikwa kutani, ya minada, ya vita, ya watu waliosakwa na serikali.

Nilibisha hodi mpaka nikachoka. Mwishowe akachungulia dirishani, akanifungulia. Alikuwa amefunga kitambaa shavuni. Nikadhani jino linamsumbua.

Sebule ilinuka kinywa cha mgonjwa. Tangazo lilikuwa mezani, limeandikwa kwa herufi nene: ANATAFUTWA. Jina lilikuwa limefutika. Nilipoigusa karatasi, kidole kilibonyea ndani kama kwenye ngozi iliyovimba.

Sisi wa kazi hii tuna tabia chafu, sikatai. Tunalowesha kidole kwa mate, tunasugua gundi iliyogandia nyuma, tunaonja. Ya unga haina ladha, ya kiwandani ni chungu. Hivyo ndivyo tunavyoyatambua ya kughushi.

Nikaonja.

Chumvi... na mafuta yaliyovunda. Kitu kikanasa kwenye meno, nikakivuta. Unywele. Nikavuta tena, ukazidi kuja, ukitokea kooni. Nilitapika mate meusi kwenye leso yangu mwenyewe.

"Umeshaonja," mama yule alinong'ona.

Akafungua kitambaa. Shavuni palikuwa na neno lilelile, limepigwa chapa, kingo zake zikitoka usaha. Mumewe alionja, akambusu. Wiki hiyohiyo mama huyu akamzika.

"Mdomo wako usimfikie mtu," akasema.

Mlango ukagongwa.

Taratibu... kwa kiganja kilicholowa.

Akanishika mkono nisiinuke. "Huyo huja kila jioni. Mimi simfungulii."

Tulingoja hadi nyayo zilipofifia. Kisha nikatoka mbio, sikuaga.

Nyumbani nilijaza kikombe maji ya chumvi, nikasukutua mpaka fizi zikatoka damu. Binti yangu akaja kunibusu kama kawaida yake. Nikamsukuma. Alilia, na roho iliniuma, lakini nilijua nimemwokoa. Nikaenda uani kuichoma ile leso.

Niliporudi alikuwa amenyamaza. Amekaa mezani, kikombe changu mkononi, kitupu. Midomo yake ilikuwa myeusi.

"Baba," alisema, akivuta kitu kutoka kwenye ulimi, "maji yako yana nywele."

Mlango ukagongwa.