Alama Ndani ya Maji

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika siku hiyo, watu wanasukumana, majora yanakunjuliwa huku na kule, na Fundi cherehani kasimama katikati yao kafumba jicho moja. Alikuwa anatazama kitambaa chekundu. Jicho la kushoto lilimwambia ni chekundu barabara. La kulia lilikiona kimepauka, kama kilichoanikwa juani mwaka mzima.

"Unanikonyeza mimi au kitambaa?"

Akageuka. Mwanamke mmoja alikuwa kavaa gauni la kijani lililomkaa vizuri, ila mabegani lilimpwaya. Fundi aliona mabega kwanza, ndiyo kazi yake. Kisha akaona tabasamu, na habari ya mabega ikaishia hapo.

"Kitambaa. Lakini naweza kubadili nia."

Mwanamke akacheka. Aliposimuliwa habari ya jicho, kicheko kikakatika. Yeye alikuwa wa maabara ya hospitali, akasema, na jicho kama hilo si la kungojea. "Nenda ukaonwe. Halafu unipigie uniambie."

"Nipige namba gani?"

"Mjanja wewe!" akasema, akampa.

Basi wakapendana. Jioni Fundi alishona huku simu kaibana begani, taa ya cherehani ikimwagika mezani, na sauti ile ikimjia polepole hata akasahau mshono ulipofika.

"Umekula, Maabara wangu?"

"Nimekula, Fundi. Usijidunge sindano."

Daktari alipoagiza achukuliwe maji ya uti wa mgongo, ni Maabara wake aliyemtoa hofu. "Maji hayo ndiyo yanayouzunguka ubongo. Tunayapima pamoja na damu, tunatafuta alama za kinga ya mwili. Zikiwa kwenye maji peke yake, ujue ugomvi umo ndani ya nyumba, hauko barabarani."

"Na zikiwamo?"

"Kuna dawa, mpenzi. Lala."

Alichomwa mgongoni, akalala chali kama alivyoagizwa, akingoja simu. Haikuja. Alipopiga yeye, iliita mpaka ikakatika. Siku ya pili ukaja ujumbe: Nivumilie kidogo. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na wake, dhiki ilipobisha hodi tu, kajificha. Fundi hakumlaumu. Nani atamtaka mshonaji asiyeuona uzi? Lakini aliumia, aliumia sana.

Siku ya majibu daktari alisema alama zimo: kinga ya mwili wake inashambulia mishipa ya fahamu. Dawa ataanza leo, na jicho huenda likarudi. Fundi akashukuru, akashuka moja kwa moja maabara. Alitaka kumuuliza mpenzi wake mara moja tu kwa nini kamkimbia, kisha aende zake.

Dirishani alikuwapo mama mmoja wa miwani. Akasoma jina kwenye cheti, akainua macho.

"Kumbe wewe ndiye mchumba wake!"

"Mchumba wa nani, mama?"

"Wa binti yetu. Hapa mtu hapimi maji ya jamaa yake. Alikuja na kichupa chako, akakiweka mezani kwangu. 'Mama, pima wewe. Huyu ni mchumba wangu.'"

Mlango wa pembeni ukafunguka. Alikuwa yeye, Maabara wake, kavaa koti jeupe, macho yamevimba.

"Kwa nini hukupokea?" Fundi akauliza.

"Niliyaona majibu mezani kwa mama. Kukwambia ni kazi ya daktari, si yangu. Na ningesema 'haloo' tu, ungejua. Sauti yangu haijui kukuficha kitu."

"Nikadhani umenikimbia."

"Nilikimbia simu, Fundi. Wewe nikukimbie niende wapi?"

Watu walipita na bahasha zao, na korido nzima ikawa kama iko mbali. "Majibu umeyaona," Fundi akasema. "Leo jicho, kesho labda mguu. Halafu mimi sijakuposa."

"Najua hujaniposa." Akainamisha kichwa. "Basi niende nikamwambie mama nilidanganya?"

Nyuma ya dirisha, mama wa miwani alikuwa akipangusa kioo kisicho na vumbi. Fundi akamshika mkono yule mwanamke, akamvuta karibu.

"Hukudanganya," akasema.