Pumzi za Mrisho

Umeme ulikatika saa tisa alasiri, mvua ikiwa imeufunika Mlima Rungwe. Katika chumba cha wagonjwa mahututi mashine mbili za kupumulia zikanyamaza pamoja. Nesi Tulia alikuwa peke yake, na mfuko wa kupulizia hewa kwa mkono ulikuwa mmoja. Alikimbilia kitanda cha karibu, cha mwalimu Asajile, akaminya, akahesabu, akaminya. Jenereta lilipowaka zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Ndipo akamgeukia Mrisho, fundi cherehani wa mjini Tukuyu, ambaye korona ilikuwa imembana mapafu siku ya tisa sasa, akijua anageukia maiti.

Kifua cha Mrisho kilikuwa kinapanda na kushuka, polepole, bila kufuata mashine. Chumba kizima kilinuka udi.

Tulia hakumwambia mtu. Kesho yake, alipoinama kumvuta makohozi, mpira ukiwa bado kooni na dawa ya usingizi ikiwa bado inaingia mshipani, midomo ya Mrisho ilisogea, na sauti ikatoka, si kooni bali chini zaidi, kama ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, ikamwambia taratibu kwamba mwenye nyumba alishahama jana, na kwamba yeye aliikuta wazi, akaingia.

Tulia akamweleza mke wa Mrisho, Shamsia, kila kitu, hadi zile dakika. Shamsia akamleta Shehe Naseeb, wakavalishwa mavazi ya kujikinga. Shehe alisoma kidogo tu, akasita.

"Naweza kumtoa, binti yangu," alinong'ona. "Ila akitoka hapabaki mtu. Utazika leo."

"Na asipotoka?"

"Utakaa naye."

Shamsia alimtazama Tulia, macho makavu. "Wewe ulishachagua, nesi. Mimi nina watoto watatu. Shehe, acha kusoma."

Wiki ya tatu Mrisho alitoka kwa miguu yake. Madaktari walimpigia makofi. Tulia hakupiga.

Miezi miwili baadaye alimkuta Shamsia sokoni, ameegemea nguzo, amekonda, anahema.

"Dada, twende ukapimwe."

"Siumwi. Zile pumzi alizokuja nazo zimemwishia. Kila asubuhi ananiwekea mdomo, nampa zangu."

"Mkatalie."

"Nilimkatalia Jumapili," alisema Shamsia. "Akanyanyuka, akaenda chumbani kwa watoto."